Kutoka Kipkelion Kwenda Kujifunza Barafu

Sisi tuliokulia Kipkelion, pale reli ya kale ya Uganda inapoteremka kutoka kilele cha Mau kuelekea Fort Ternan na tambarare za Muhoroni, hatukuhitaji kusafiri ili kuijua barafu, kwa kuwa barafu hutujia yenyewe, aghalabu baada ya saa nane za mchana, tena katika siku ambazo asubuhi yake ilikuwa na jua tulivu kiasi cha kumshawishi mchumaji aache koti lake nyumbani. Kwanza hufika upepo wa baridi kutoka upande wa msitu, halafu kishindo juu ya mabati kinachomlazimu mtu kupaza sauti ili asikiwe na aliye naye chumba kimoja, na kabla chai ya jikoni haijachemka, shamba lililokuwa lichumwe kesho yake huwa limekwisha kutobolewa majani na kuvunjwa chipukizi. Wataalamu wa hali ya hewa wameiandikia Kericho siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja, nayo ndiyo hesabu kubwa kuliko zote zilizopata kuandikwa duniani. Fahari ya namna hiyo, nadhani, wangeipokea kwa furaha zaidi watu wasiolima chai.

Mimi nilikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai, na katika utumishi wangu wote nilikaa nyuma ya mizani nikiandika kilo za majani mabichi katika vitabu vya wakulima, nikimwona mtu aliyeleta vikapu vilivyofurika Jumatatu akirudi Alhamisi na kikapu nusu, wala hasemi neno, kwa maana sote tulikuwa tumesikia mabati usiku wake. Katika miaka ya 1960 kampuni za chai zilifikia hatua ya kukodi ndege zikanyunyizie mawingu iodidi ya fedha, kwa tamaa kwamba mawe yatanyeshwa yangali madogo. Na baadaye, mwaka 1982, mtaalamu mmoja aitwaye Russell Schnell pamoja na mwenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa vumbi la majani makavu ya chai, lile linaloweza kutimuliwa na miguu ya wachumaji wapitao kati ya mistari, lina tabia ya kuyagandisha matone ya mawingu mapema kuliko vumbi la kawaida. Ikiwa ndivyo, basi adui yetu tunamrusha wenyewe angani asubuhi na kumpokea vichwani alasiri. Niliwahi kumsomea habari hiyo mzee jirani yangu, naye akanyamaza kwa kitambo kisha akasema, "Karani, hayo usiyaseme kwenye mkutano wa bonasi."

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi Nairobi na anakaa Imara Daima, kando ya Barabara ya Mombasa, na ndiye aliyenipigia simu kuniarifu kwamba watoto wake wawili wameandikishwa katika darasa la wanaoanza kuteleza juu ya barafu, katika uwanja ulio ndani ya jengo la Panari, lakini yeye na mkewe wana zamu kazini siku za mafunzo. "Mjomba," akasema, "huna mizani ya kukuzuia sasa. Njoo uwasimamie." Nikamwuliza msimamizi husimama wapi, juu ya barafu au nje yake. Akacheka, akasema anayetaka huingia. Nilikata shauri palepale, na sikuona haya, kwani kitu kilichonipiga kichwani tangu utotoni nilikuwa na haki ya kukikanyaga japo mara moja kabla siku zangu hazijatimia.

Nilipoieleza azma yangu kituoni, jamaa walinisikiliza kwa adabu ile ambayo watu huwapa wagonjwa. Kwamba wako watu wanaotengeneza barafu kwa makusudi, wakailaza sakafuni ndani ya nyumba, kisha wakatoza pesa ili watu waanguke juu yake, ilikuwa ni habari isiyo na mahali pa kuishika. Nami sikuwalaumu, maana ulimwengu mzima umewahi kukosea katika jambo hilihili kwa upande wa pili: mwezi Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann akiwa safarini kutoka Rabai alipoiona theluji juu ya Kilimanjaro, mabwana wa jiografia wa London, na hasa William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amefika bara hili hata siku moja, walikanusha kabisa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta, na ubishi ule ukaendelea kwa miaka mingi. Waliotoka penye baridi hawakuamini kuwa tunayo. Sisi tulio nayo hatukuamini kuwa mtu anaweza kuipenda.

Niliondoka alfajiri. Kutoka Kipkelion barabara hupanda ikiikaribia na kuiacha reli, ile iliyofika ziwani Kisumu mwezi Desemba 1901, na ambayo katika mabonde yetu ilihitaji madaraja ya chuma 27 yaliyoletwa na kampuni moja ya Kimarekani. Kituo chetu kiliitwa Lumbwa zama hizo, na wazee wachache bado hulitaja jina hilo wanapokuwa na hasira na serikali. Chini yetu, upande wa Fort Ternan, ni kahawa, na mbele zaidi ni miwa. Juu ni chai na pareto ya zamani na misitu ya Londiani, na ukungu wa asubuhi ulikuwa umejaa mabondeni hata matatu yetu ikawa inakwenda kwa taa. Pale Mau Summit, penye kimo kilichozidi futi 8,000 juu ya bahari, abiria walijifunga mashuka na mama mmoja akafunga dirisha bila kumwomba mtu ruhusa. Salgaa tulipita polepole nyuma ya malori. Kutoka Nakuru hata Naivasha sina la kusimulia isipokuwa usingizi, na mtu akitaka sifa za Bonde la Ufa zimekwisha kuandikwa na wengi waliokuwa macho.

Nairobi ilikuwa na joto la vumbi. Chini ya ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, magari yalikuwa yamesimama kwa foleni, na wachuuzi wakipita kati yake na maji ya chupa na karanga. Upande wa pili, si mbali, ni mbuga ya taifa yenye simba na vifaru. Katika mazingira kama hayo ndimo ulimowekwa, mwaka 2005, uwanja wa barafu wa kwanza katika Afrika Mashariki, wanaouita Solar Ice Rink, nao umo ndani ya jengo lenye hoteli na maduka, hata mtu anaweza kupanda ngazi akitoka jasho na baada ya hatua chache akaanza kutafuta sweta.

Kazi ya viwanja vya namna hii ni nyepesi kuieleza na ghali kuitenda. Chini ya sakafu hulazwa mabomba mengi yaliyo karibukaribu, ndani yake hupitishwa maji yaliyochanganywa na dawa isiyoganda, yamekwisha kupozwa na mitambo hata yakawa chini ya sifuri kwa daraja kadhaa. Kisha juu ya sakafu humwagwa maji safi, tabaka baada ya tabaka, kila moja likiachwa ligande kabla ya jingine, mpaka unene ufikie sentimita chache tu. Nilidhani barafu ile ni nene kama mwamba. Kumbe ni ngozi nyembamba inayoshikiliwa na umeme usiku na mchana, na umeme ukikatika, hesabu yake huanza upya.

Darasa letu lilikuwa la mchanganyiko: watoto wa mpwa wangu na wengine wa rika lao, wanafunzi wawili wa chuo kikuu, binti mmoja aliyevaa hijabu na suruali ndefu chini ya gauni, mama mmoja mfanyakazi wa benki aliyesema daktari wake amemshauri mazoezi lakini hakuyataja haya, na mimi. Mwalimu alikuwa kijana asiyefika miaka 30, mwembamba, mpole wa sauti, ambaye alianza, kama wengi wa wenzake katika mchezo huu mjini Nairobi, kwa viatu vya magurudumu juu ya lami. Alitupanga kwa saizi ya miguu, si kwa umri, nami nikajikuta kati ya mwanafunzi wa chuo na mtoto mrefu wa darasa la saba.

Kiatu ndicho somo la kwanza, na alikifundisha kwa makini ambayo sikuitarajia. Kamba zote hulegezwa kwanza hata chini. Mguu huingizwa, na kisigino hugongwa sakafuni ili kikae nyuma kabisa. Halafu kamba hukazwa kwa daraja tatu, vidoleni kwa upole ili damu ipite, kwenye kifundo kwa nguvu zote, na juu ya kifundo kwa kiasi ambacho goti linaweza kukunjika. Alipiga magoti mbele yangu, akaingiza kidole nyuma ya kiatu changu kupima, akasema, "Mzee, hiki bado kinacheza. Kikicheza, kifundo kitalala." Akazivuta zile kamba hata nikasikia mifupa yangu ikiulizana habari. Chuma kilicho chini ya kiatu si makali ya kisu kama wanavyodhani walio nje. Ukikigeuza utaona kwamba uso wake umechimbwa mfereji mwembamba kwa urefu wake wote, ukaacha kingo mbili, ya ndani na ya nje, na elimu nzima ya mchezo huu, hadi kwa mabingwa wanaozunguka hewani, ni kujua umesimama juu ya ukingo upi.

Somo la pili ni kuanguka. Tulianguka kwa amri, sote pamoja, kwanza juu ya mikeka ya mpira na kisha juu ya barafu yenyewe: magoti yakunjwe, mwili ushuke upande mmoja juu ya paja, kichwa kibaki mbele, na mikono ikunjwe ngumi mara tu inapogusa chini, kwa sababu vidole vilivyotandazwa viko hatarini kupitiwa na chuma cha mwingine. Kisha kuinuka: kupiga magoti, kuweka unyayo mmoja kati ya mikono, kuweka mikono yote miwili juu ya goti hilo, na kusukuma. Watoto waliligeuza kuwa mashindano. Mama wa benki, aliyekwisha kuanguka kwa heshima yote, alibaki ameketi akitazama dari, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hapo alipo hapana ubaya wowote, na lau wangemletea chai angemaliza saa yake pale.

Hatua za kwanza hazikuwa za kuteleza bali za kutembea, visigino vikikaribiana na vidole vikitazama nje, mguu ukiinuliwa na kushushwa, mguu ukiinuliwa na kushushwa. Wengine walishikilia ukingo wa uwanja kama abiria mgeni anavyoshikilia ubao wa mashua penye mkondo, na mwalimu akawaacha kwa muda, kisha akawaita mmoja mmoja kwa jina waje katikati. Mimi aliniambia maneno mawili tu, akayarudia kila nilipopita: "Magoti, Mzee. Macho mbele." Kwa kuwa macho ya mtu mwenye hofu huenda chini, na kichwa huyafuata, na kiwiliwili hukifuata kichwa, na alhasili mtu huanguka palepale alipokuwa akipatazama. Mjukuu wangu mdogo alikuwa amekwisha kulijua hilo bila kuambiwa, akanipita akisema, "Kugo," yaani babu, "usiogope, ni maji tu."

Alisema kweli kuliko alivyojua. Kwa muda mrefu vitabu vya shule vilifundisha kwamba uzito wa mtu, ukikusanyika juu ya chuma chembamba, huiyeyusha barafu kwa mkandamizo na kumpa utelezi. Walakini hesabu zimeonyesha kuwa mkandamizo huo haufui dafu, maana watu huteleza vizuri hata katika baridi kali ambayo uzito wao hauwezi kuiyeyusha. Michael Faraday aliliona jambo lenyewe karibu na mwaka 1850, alipotambua kwamba vipande viwili vya barafu vikigusana hushikamana, akasema kuwa uso wa barafu una utando wa maji hata unapokuwa mgumu. Wataalamu wa leo wamemrudia: chembe za juu kabisa, kwa kukosa wenzao wa kuzishika kutoka juu, hazitulii mahali pake kama zile za ndani, bali hujongea kama kimiminiko, na juu ya ulegevu huo ndipo chuma hupita. Mwalimu wetu hakuyasema haya, wala hakuyahitaji.

Baada ya kutembea kulikuja kuteleza kwa miguu miwili, yaani kutembea hatua chache, kisha kuacha, na kuuacha mwili uende. Sina njia ya kulisimulia jambo hilo bila kuonekana nimezidisha. Mtu wa milimani huzoea kwamba mwendo ni juhudi, kupanda ni juhudi na kushuka ni juhudi ya namna nyingine, hususan asubuhi ya umande katika udongo mwekundu wa kwetu. Na hapa, penye sakafu iliyolala sawasawa, nilikwenda urefu wa darasa bila kufanya kitu chochote, nikiona ukuta wa pili ukinijia kwa hiari yake. Ndipo nikafahamu kwamba hatukuwa tumefundishwa kusimama. Nilisimama kwa msaada wa mwanafunzi wa chuo, ambaye hakuwa ameombwa.

Katika mafunzo yaliyofuata tulichora malimau, ndivyo mwalimu alivyoyaita: visigino pamoja, vidole nje, kukunja magoti na kuiacha miguu itengane, halafu kugeuza vidole ndani na kuivuta miguu ikutane tena, na nyuma yako hubaki mistari miwili iliyoumbika limau juu ya weupe. Hapo ndipo nilipoelewa ile habari ya kingo, kwa kuwa limau halichoriki ila kwa ukingo wa ndani, na mwenye kusimama wima juu ya vyuma vyake hubaki mahali alipo akitapatapa. Kusimama nako tulikuja kukupata: visigino husukumwa nje, vidole huelekezana, uzito hukaa sawa, na chuma hukwangua barafu kwa sauti ya kukereketa huku ikitoka unga mweupe mbele ya kiatu. Binti wa hijabu ndiye aliyeshika upesi kuliko sote. Alikuwa mkimya, hakucheka alipoanguka wala hakujivuna aliposimama, na siku tuliyofundishwa kwenda kwa mguu mmoja alivuka uwanja wote huku watoto wakimhesabia.

Mwisho wa saa yetu wakaingia vijana wa mpira wa magongo wa barafuni, wale wanaojulikana kama Ice Lions, wamevaa kofia ngumu na kinga za mabegani, wakaanza kuzunguka kwa kasi ambayo ilitufanya sisi wa malimau tukae kimya kwenye mabenchi. Hao ndio waliokaa miaka wakicheza wao kwa wao kwa kukosa wapinzani, hata mwaka 2018 kampuni moja ya kahawa ya Kanada ikawasafirisha kwenda huko kucheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, wakashtukia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mabingwa wakubwa wa mchezo huo, wanaingia uwanjani kwa jezi za Kenya. Na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la mchezo huo duniani. Kiwanja cha kimataifa kina urefu wa mita 60. Hiki cha Nairobi ni kidogo kuliko hicho kwa mbali, ndiyo maana mchezaji akikata kona hapa hujifunza kugeuka mapema, na mimi naona dhiki hiyo imewapa wepesi ambao wenye nafasi kubwa huenda wasiwe nao.

Watu wa kwetu wakisikia habari za barafu humkumbuka Philip Boit, jirani yetu wa upande wa Eldoret, aliyekuwa mkimbiaji wa kawaida kabla ya kupelekwa Finland kujifunza kwenda kwa mbao za theluji, akashiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 na kumaliza wa 92 katika kilomita 10, wa mwisho, huku Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyekwisha kushinda dhahabu, akimngojea mstarini amkumbatie. Walimcheka wengi wakati ule. Baada ya kuvaa viatu vile mwenyewe, mimi siwezi tena kucheka. Mtu aliyejifunza jambo hilo akiwa amekwisha kukomaa, kisha akalifanya mbele ya dunia, alikuwa na moyo ambao mbio za kawaida hazimwombi mtu.

Darasa la wanaoanza lilipokwisha, mwalimu alimpa kila mmoja wetu mkono, akawaambia watoto wa mpwa wangu kwamba wanaweza kuendelea daraja la pili, ambamo hufundishwa kurudi nyuma na kukata kona kwa kupishanisha miguu. Nilikwenda kwa karani wa mlangoni, nikamwuliza kwa tahadhari kama daraja hilo lina nafasi kwa mtu wa umri wangu. Aliendelea kuandika, kama nilivyokuwa nikifanya mimi nyuma ya mizani, akasema, "Umri hatuandiki, Mzee. Taja saizi ya kiatu."

Nikamtajia tisa.